Mwaka Niliotaka Kumtorosha Baba

Wiki moja baada ya kumzika baba, wadogo zangu wawili na mimi tulikaa chumbani kwake tukafungua sanduku lake la bati. Harufu ya dawa ya nondo ilitupanda puani kabla hatujaona kitu. Kulikuwa na barua, picha zilizogandana, mshipi wa ngozi uliopasuka, na chini kabisa, limekunjwa kana kwamba limetoka kwa dobi jana, shati la khaki la askari jela. Mdogo wangu mmoja alilikunjua, akalipeleka penye mwanga wa dirisha.

"Dada, mbona hapa palifumuliwa kitu?"

Kwenye mkono wa shati palikuwa na tepe moja, na juu yake alama ya tepe nyingine. Khaki ya pale ilikuwa bado mbichi, kwa kuwa haikuwahi kupigwa na jua kama sehemu nyingine. Wadogo zangu hawakumjua baba akiwa na tepe mbili. Mmoja wao wakati ule alikuwa wa kubebwa mgongoni, na mwingine hajazaliwa. Niliwaambia nitawaeleza siku nyingine, nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku. Ukweli ni kwamba sikujua nianzie wapi, maana tepe ile niliifumua mimi.

Nilikuwa na miaka saba tulipohamia Lodwar. Kabla ya hapo nilijua milima ya Taita peke yake: manyunyu, migomba, ukungu unaoingia jikoni asubuhi kama mgeni asiyebisha hodi. Baba akapata uhamisho. Zama zile huwezi kuingia Turkana hivi hivi tu. Kwenye milima inayopakana na Turkana, barabara inapoanza kuteremka kuelekea joto, palikuwa na kizuizi, na askari walisoma kibali cha baba, wakamtazama mama, wakanitazama mimi na mtoto, wakaandika majina yetu katika kitabu kikubwa. Gari lilipopita, kizuizi kilishuka nyuma yetu. Mama aligeuza shingo akakitazama.

"Haya," akasema, "wametufungia."

Lilikuwa neno la kupita tu la mwanamke aliyechoka kwa safari. Lakini mtoto hana neno la kupita. Nililichukua lilivyo, nikaliweka.

Tuliishi kwenye laini ya askari, nyumba za mabati zilizopangwa zikitazamana, na ng'ambo ya uwanja palikuwa na gereza dogo. Mchana bati lililia kwa joto, tik, tik, kama kuna mtu juu anayetembea kwa kucha. Upepo ulileta mchanga ukaumwaga ndani ya sufuria, ndani ya kitanda, ndani ya meno. Mama alijaribu kupanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, na kila jioni alizitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Tumefungwa huku miaka mitatu," aliwaambia jirani zake, wake za askari wengine waliotoka Kisii na Nyeri na Machakos, nao wakaitikia, kila mmoja akitaja miezi iliyombakia yeye.

Sasa tazama nilichokiona kwa macho yangu. Asubuhi filimbi ililia, baba akavaa nguo zilizofanana na za wenzake, zenye namba begani. Wakapangwa mstari, wakahesabiwa. Baba alikaa langoni mchana kutwa, na hakuweza kwenda popote pasipo karatasi iliyotiwa sahihi na Bwana Mkubwa, mkuu wa gereza. Lakini wale watu wengine, waliovaa kaptura na fulana nyeupe, lango lilifunguliwa wakatoka kila asubuhi, wakateremka hadi mto Turkwel chini ya miti ya mikoma wakiimba, wakaoga, wakarudi na madebe ya maji kichwani huku wanataniana. Jioni walirudi kulala kwao, wakamwacha baba mlangoni, amesimama. Ningefikiri nini? Nilijua gereza ni nyumba ya watu waliofungwa, na niliona vizuri ni nani kati yao aliyefungwa.

Halafu bibi akafa. Mama yake baba. Habari ilikuja kwa barua iliyokwama njiani kwa mafuriko, na ilipotufikia, bibi alikuwa ameshazikwa siku nyingi. Baba aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akaketi kwenye kitanda na buti zake miguuni, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Twende basi," nikamwambia. "Twende kwa bibi."

"Siwezi kwenda, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Siwezi tu, Wakesho. Nenda nje ukacheze."

Nilikwenda nje lakini sikucheza. Nilikaa nyuma ya banda la kuku nikaamua kwamba baba ni lazima atolewe.

Mtu wa kunisaidia nilimjua. Aliitwa Ekai, mmoja wa wale wa fulana nyeupe. Kila alasiri alileta maji nyumbani kwetu, akamwagilia zile sukuma za mama kwa kopo lililotobolewa. Alikuwa mrefu hata akiinama alionekana amesimama, na alipokunywa maji alikunywa kidogo sana, akayazungusha mdomoni kwanza kama anayazungumzisha. Kiswahili chake alikiokota mle mle gerezani. Aliponiona alinisalimu kwa Kiturkana, "Ejok?" nami nikajibu, "Ejok noi," na mara nyingine aliniachia nishike kigoda chake cha mti, kidogo kama bakuli, ambacho wao hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Walikuwa wamemruhusu kuwa nacho kwa kuwa hakuwa mtu wa matata.

"Ekai," nikamwuliza siku moja, "wewe unajua njia ya kutoka hapa?"

"Kwenda wapi?"

"Popote. Mbali."

Akacheka. "Najua. Kakuma iko huku." Akanyoosha mkono bila hata kutazama, kama mtu anayeonyesha jikoni kwake. "Tembea usiku tatu. Mchana nalala kivuli."

"Basi umchukue baba."

Akaacha kumwagilia. Nikamweleza yote: kizuizi, namba za begani, karatasi ya Bwana Mkubwa, barua ya bibi. Alinisikiliza akiwa amechuchumaa, kopo limemwagika lote juu ya mche mmoja. Leo nikikumbuka, najua angeweza kucheka, angeweza kwenda kuwasimulia wenzake na laini nzima ikanicheka. Hakucheka.

"Nani alifunga baba yako?"

"Serikali."

"Eeh," akasema. "Mimi pia. Yeye alifanya nini?"

"Sijui. Wewe ulifanya nini?"

"Mimi?" Akafikiri kidogo, akitafuta neno. "Mimi nilitembea."

Baadaye sana nilielewa. Maofisa wa mifugo wa serikali walikuwa wameweka mpaka ambao mbuzi hawakutakiwa kuuvuka kwa sababu ya ugonjwa. Mpaka wenyewe ulikuwa kwenye ramani. Ekai alifuata majani aliyoyafuata baba yake na babu yake, akavuka, akakamatwa, hakimu akampa miezi tisa. Siwalaumu waliouweka mpaka, maana ugonjwa ule uliua wanyama wengi. Lakini nilichokisikia siku ile ni kwamba mtu alitembea akafungwa, na kwa hiyo nikaona sisi na yeye ni kitu kimoja.

"Baba yako hapana jua kutembea," akaniambia mwishoni, akiokota kopo. "Atakufa na kiu. Wacha yeye."

Sikumwacha. Siku chache baadaye baba alishikwa na malaria akiwa zamu ya langoni. Alikuja nyumbani mara moja kunywa uji na dawa, akasema atajinyoosha dakika kumi. Mama alikuwa kwa jirani. Baba akalala kama gogo, jasho likimtoka, na kwenye mshipi wake uliotundikwa kwenye msumari, pale pale usawa wa macho yangu, palining'inia funguo. Hazikupaswa kutoka langoni. Kosa hilo lilikuwa la baba, na wala hakulikana. Nilizishusha taratibu nikiziminya ndani ya gauni zisilie, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Ekai alikuwa kwenye sukuma. Nikamwekea funguo mkononi.

"Fungua sasa," nikasema. "Amelala, lakini nitamwamsha."

Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alizitazama zile funguo kama nimempa nyoka. Nadhani katika muda ule mfupi aliona yote ambayo mimi sikuyaona: mtoto ataulizwa, baba atafungwa kweli, na yeye mwenyewe kitakachompata. Yeye kutoroka hakuhitaji funguo. Kila siku alifika mtoni na mbele yake ilikuwa nchi nzima. Nilipokuwa mtu mzima nilijiuliza mara nyingi kilichomzuia ni nini, na jibu nililopata ni dogo: angekimbia, wangemfuata ndugu yake, na wangewafuata mbuzi. Watu wake ndio waliokuwa ukuta wake. Sidhani kama yupo mwanadamu asiye na ukuta wa namna hiyo, na asiye nao namwonea huruma.

"Rudisha," akasema kwa sauti ya chini. "Mbio. Rudisha!"

Lakini nilishasikia viatu vya mtu upande wa mbele. Nikakimbia nikajificha nyuma ya banda la kuku, nikamwacha Ekai na funguo mkononi. Angeweza kuzitupa mchangani. Yeye aliinuka, akazunguka nyumba akitembea kawaida, akainama kuingia kwenye mlango wetu azirudishe kwenye msumari.

Hapo ndipo Sajini alipomkuta.

Sajini alikuwa jirani yetu, mtu wa sauti kubwa, mwenye kupenda sheria kama wengine wanavyopenda chai. Alikuja kumwangalia mgonjwa, akaona mfungwa anaingia katika nyumba ya askari aliyelala, na funguo za gereza mkononi. Nisingelaumu alichokifikiri. Filimbi ililia. Askari wakaja mbio, rungu likashuka begani kwa Ekai mara mbili, akaanguka magoti. Mama akaja akipiga kelele, akamkumbatia mtoto, akamshukuru Sajini huku analia.

"Funguo umezipata wapi?" Sajini alinguruma. "Sema! Umezipata wapi?"

Kupitia mbao za banda nilimwona Ekai akiinua kichwa. Alitazama moja kwa moja mahali nilipojificha. Alijua nipo. Nami nilijua kwamba anajua. Nilifungua mdomo, na Mungu ni shahidi yangu, hakuna kilichotoka.

Ekai akateremsha macho. "Hapana jua," akasema.

Wakamfungia seli ya peke yake. Ikasemwa atapelekwa tena kwa hakimu, atapigwa mwaka juu ya ile miezi tisa, na miezi hiyo alikuwa amebakiza miwili tu. Nikayasikia haya mezani, nikiwa natafuna ugali.

Nilinyamaza siku tano. Watu husema watoto ni malaika. Wanaosema hivyo wamesahau. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa hofu. Siku ya pili nilinyamaza kwa sababu jana nilinyamaza. Kufikia ya tatu nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba labda kweli aliziiba, kwamba labda niliota, na nilijiamini kidogo. Nimewaona watu wazima wenye vyeo wakipita njia hiyo hiyo hatua kwa hatua, na kila mara nimewatambua.

Kilichonivunja ni baba. Alipopata nafuu aliketi kizingitini kung'arisha buti, na mfungwa mwingine alikuwa analeta maji. Baba alikuwa na desturi ya kuwaambia "asante," jambo lililomfanya Sajini amcheke. Siku hiyo hakusema. Mtu yule aliweka debe, akasimama kidogo, akaenda zake.

"Yule Ekai nilimwamini," baba akasema, si kwa yeyote. "Nilimwacha aingie kwangu kama mtu. Basi. Nimejifunza."

Niliona kitu kikifunga usoni pake. Sina namna nyingine ya kukieleza. Na nikajua kwamba kule kufungwa nilikokuwa nikikuogopa, sasa ndipo kulipoanza, na aliyefunga ni mimi.

"Nilimpa mimi," nikasema.

"Ulimpa nini?"

"Funguo. Nilimpa mimi akutoe. Yeye alikataa. Alikuwa anazirudisha."

Brashi ikasimama juu ya buti. Aliniuliza mara ya pili, kisha ya tatu, taratibu, bila hasira, na kila mara nikasema vile vile. Mama alikuwa ameshatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Wakesho," akasema, "mtoto ameota."

"Hajaota."

"Basi hajaota. Nani amekuuliza? Ukienda kusema, watakuuliza funguo zilifikaje nyumbani. Utafukuzwa. Tutarudi na nini? Tutakula nini? Yule mtu amezoea kufungwa, na huyu," akanisukuma mbele kwa bega, "huyu ndiye mwanao."

Ninapoandika maneno haya sitaki mtu amhukumu mama. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, mwendo wa siku tatu kutoka kwa watu wake. Woga wake ulikuwa na sababu zote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa buti moja, akatoka nje akasimama katikati ya uwanja na buti hiyo moja, akitazama lango, muda mrefu. Aliporudi alivaa ya pili.

"Mvalishe gauni safi," akamwambia mama.

Ofisi ya Bwana Mkubwa ilikuwa na harufu ya wino na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Sajini alikuwepo. Baba alipiga saluti, akaeleza jinsi alivyoondoka langoni na funguo, hakupunguza neno. Kisha akanisogeza mbele, mkono wake begani kwangu.

"Kwa nini ulimpa mfungwa funguo, binti?" Bwana Mkubwa akauliza.

"Ili amtoe baba."

"Amtoe wapi?"

"Hapa," nikasema. "Amefungwa. Bibi alikufa na hamkumwacha aende."

Sajini alikohoa akageukia dirisha. Bwana Mkubwa alivua miwani yake, akaifuta kwa leso, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Aliniambia niende nje nikangoje.

Mchana ule ule Ekai alitolewa seli, na habari ya hakimu ikafutwa. Baba alivuliwa tepe moja. Jioni mama alichukua wembe afumue uzi, akauweka chini bila kukata. Hasira au kilio, sijui. Baba akauchukua wembe akanipa mimi. Sikuielewa ile kama adhabu, wala hakuitoa kama adhabu. Alinionyesha tu pa kuanzia, nikakata uzi mmoja mmoja, yeye akishika taa.

"Mimi sikufungwa, Wakesho," alisema wakati nafumua. "Mimi nalipwa mshahara. Nikitaka kuacha naacha."

"Basi kwa nini huachi?"

Alisogeza taa karibu na mkono wa shati. Baba yangu alikuwa mtu wa majibu. Swali lile hakulijibu mpaka anakufa.

Miezi miwili baadaye mtu alibisha hodi mchana, amejifunga shuka, fimbo begani, kigoda kimening'inia kwenye kidole. Sikumtambua hadi aliposema, "Ejok?" Ekai alikuwa ametoka asubuhi ile. Alisimama nje ya mlango, hakuvuka kizingiti.

"Afande," akamwambia baba, "twende Kakuma. Uone nyumba."

Baba alikuwa na siku chache za likizo ambazo hazikutosha kufika Taita na kurudi, na dereva wa lori la duka moja la Wasomali, lililokuwa likipeleka unga na sukari hadi Lokichoggio, alikuwa rafiki yake. Nilidhani mama atakataa. Aliingia ndani, akatoka na majani ya chai na sukari amefunga kwenye kitambaa chake kizuri cha meza, kile cha maua alichofuma kwa mkono.

"Mpe mama yako," akamwambia Ekai. Hakumtazama usoni. "Mwambie ametumiwa na mama mwenzake."

Tulikwenda juu ya magunia. Mara mbili lori lilizama kwenye lagga, mito ile ya mchanga mtupu, na kila mtu akashuka kuchimbua magurudumu, baba akiwa amevua shati na Ekai pembeni yake, wanasukuma bega kwa bega. Nilikuwa sijawahi kumwona baba bila kofia katika jua. Aliimba. Kwa sauti mbaya, lakini aliimba.

Nyumbani kwa Ekai palikuwa mwendo kidogo kutoka madukani pa Kakuma, kando ya mto mkavu wa Tarach: vibanda vya mviringo vya matawi na makuti, uzio wa miiba, harufu ya maziwa na moshi. Mama yake alikuwa mwanamke mdogo mwenye shanga hadi kidevuni. Alimshika mwanawe uso, akampapasa mabega kama anayepima kilichopungua. Kisha akamwona baba, akauliza jambo kwa ukali.

Ekai alijibu kwa maneno machache. Yule mama akamtazama baba upya, akamwachia njia aingie uani.

"Ameuliza nini?" baba akauliza.

"Anauliza, huyu ndiye alinifunga?"

"Nawe umemwambia nini?"

"Nasema hapana. Nasema sisi tulifungwa pamoja."

Baba alicheka, kicheko kikubwa kilichomtoa machozi, na alipoyafuta hayakuacha kutoka.

Alasiri, wakubwa walipokuwa kivulini wakinywa ile chai ya mama, nilimfuata Ekai kwenye zizi. Nilikuwa nimebeba maneno yangu tangu Lodwar.

"Nilikuona," nikasema. "Siku ile. Nilinyamaza."

"Najua."

"Niliogopa."

"Mimi pia," akasema. "Rungu iko ngumu."

Akaingia katikati ya mbuzi, akamshika mguu jike mmoja mdogo, mweupe, mwenye doa jeusi jichoni kama amepigwa ngumi, akamleta mbele yangu.

"Hii yako. Inakaa hapa na yetu. Ikizaa, yako. Sasa wewe iko na mnyama Kakuma, wewe hapana mgeni."

Kisha akaniitia msichana mmoja wa rika langu, mtoto wa dada yake, akatuambia tuwapeleke mbuzi mtoni. Tulikwenda wawili, bila lugha, bila mtu wa kutuita, mpaka visima vya mchangani na zaidi. Nilirudi jioni miguu imechanwa na miiba. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Tulihama Lodwar muda wetu ulipokwisha. Baba hakurudishiwa tepe ile, na sikumsikia akiitaja. Kwa miaka kadhaa habari zilitufikia Taita kwa barua, na mwandishi wake, amini usiamini, alikuwa Sajini. Yeye aliendelea kubaki kule, na Ekai alipofika Lodwar alipita langoni kumwachia salamu, naye akaziandika kwa mwandiko wake wa kiofisi: mbuzi wa binti amezaa pacha, mbuzi wa binti wamefika watano, dume mmoja wa binti ameliwa kwenye harusi, binti asikasirike.

Mwishoni mwa miaka hiyo mvua zilikatika Turkana. Tulisikia kwenye redio watu wanakusanyika penye chakula cha msaada, na barua hazikuja. Nilikuwa shule ya sekondari, nimerudi likizo, ilipofika moja, nyembamba. Baba aliisoma kwa sauti jikoni, ukungu ukiwa mlangoni.

Sajini aliandika kwamba Ekai amefika langoni kwa miguu kutoka Kakuma, amekonda. Mama yake amefariki. Sajini amempa Ekai unga, naye ameupokea, lakini hakuja kwa ajili ya unga. Amekaa kwenye kigoda chake mpaka Sajini akachukua kalamu, ndipo Ekai akamtaka aandike neno moja tu, na asibadilishe: "Mwambie msichana mbuzi zake walikufa pamoja na zetu."

Mama aliweka mwiko chini. Baba aliikunja barua, kisha akaikunjua tena akalitafuta neno lile kwa kidole.

"Pamoja na zetu," akasema. "Umesikia, Wakesho? Pamoja na zetu."